Kahawa Iliyokwenda Mitingini

Kankindi, jirani wa ua kwa ua, anashikilia kwamba kahawa ya akina Vestine ilikwenda mitingini kwa miguu yake yenyewe. Husimulia hayo kisimani, ndoo iko chini, mikono kiunoni. Anasema ilikuwa Jumapili mchana, kilima kizima cha Ndera kimeteremka kwenda kusikiliza wanasiasa, yeye kabaki nyumbani kwa sababu ya jino. Alipochungulia juu ya ua akaiona mibuni ikitoka shambani mmoja mmoja, kimya kimya, kama watu wanaotoroka kanisani kabla ya sadaka. Ikashika njia ya bondeni. Siku nyingine, Ijumaa, ikarudi, na safari hii ilikuwa imebebwa mabegani na watu wenye kofia za vyama, wengine wanaimba. Ukimwuliza kahawa ilikwenda kutafuta nini huko, anakujibu kwamba ilikwenda kuangalia chama gani kinalipa vizuri.

Vestine akiwepo hakatai wala hakubali. Huweka ngata yake kichwani, huchota maji yake, huondoka. Lakini habari ya Kankindi, ukiitoa ile miguu, si ya uongo sana.

Shamba lilikuwa la Gahongayire, mama yake Vestine, mjane, kando ya barabara ya komini, ile serikali yao ya mitaa. Marehemu mumewe alipanda kahawa kwa sababu aliamriwa, na aliyemwamuru naye aliamriwa. Kahawa ulikuwa mti wa serikali uliosimama kwenye ardhi yako. Haukung'olewa. Hakikupandwa kitu katikati yake. Chini yake udongo ulifunikwa kwa nyasi nene, na nyasi hizo ulizitafuta wewe. Bwana shamba akikuta maharage katikati ya mibuni yako, aliyang'oa, na wewe ukaenda kulala katika kile kijumba cha komini chenye mlango wa bati. Na pamoja na heshima yote hiyo, hakuna mtu pale kilimani aliyewahi kuinywa. Waliivuna, wakaimenya, wakaianika, wakaiuza, wakarudi nyumbani kunywa urwagwa, pombe yao ya ndizi.

Kuna wakati ililipa, Gahongayire hatasema uongo. Ilileta mabati ya nyumba, ikamsomesha Vestine mpaka akamaliza shule ya msingi. Halafu bei ikaanguka huko ng'ambo wanakoinywa, na serikali nayo ikapunguza ile iliyokuwa inampa mkulima. Vita vilipoanza kaskazini, faranga ilishushwa thamani. Mwaka ule wa tisini na mbili ikashushwa tena. Redioni walieleza kwa sauti nzuri kwamba faranga ikishuka, mwenye kahawa ndiye atakayefaidika. Gahongayire aliisogelea redio, akasikiliza mpaka mwisho, akangoja. Sabuni ikapanda. Chumvi ikapanda. Jembe likapanda mpaka watu wakaanza kuazimana jembe kama wanavyoazimana moto. Bei ya kahawa peke yake ndiyo haikuwa imesikia redio.

Vestine hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kutazama. Miaka michache nyuma alifanya kazi za ndani kwa familia moja ya Waswahili kule Biryogo, mjini, akajifunza kupika pilau na kusema Kiswahili, akapata na tabia ya kuwatazama watu wanunuapo vitu bila wao kujua. Aliporudi Ndera baada ya msiba wa baba yake, akawa anashuka hadi Kanombe, penye kambi ya jeshi na uwanja wa ndege, na kikapu cha maharage machache yaliyoota nyuma ya jiko. Kikapu hakikupata kufika sokoni. Wake za wanajeshi walimkamata njiani. Kambi ilikuwa imefura tangu vita vianze, kila mwezi vijana wapya, kila kijana na tumbo lake, na wanawake wale walimwambia lete tena, lete mengi, kwa nini unaleta kama mtu anayepeleka zawadi kwa mzazi?

Akawa anarudi nyumbani akifikiria jambo hilo. Serikali haikukusudia kumfundisha biashara, ila ndivyo ilivyotokea. Kwa mkono mmoja iliajiri watu wanaokula maharage, kwa mkono wa pili ikawakataza majirani wao kuyapanda.

Kilichobaki ni nafasi tu, na nafasi ililetwa na siasa hizo hizo. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, na kila Jumapili kulikuwa na mitingi mahali fulani, na kofia, na pombe ya bure. Silvère, bwana shamba wa komini, alikuwa hakosi. Alikwisha kuwa na kofia ya chama cha zamani na kofia za vyama vipya viwili, akizibadilisha kulingana na upande wa kilima anakopita. Katika kubadilisha huko alisahau kukagua kahawa, ingawa kwa wakubwa wake aliendelea kusema kwamba kahawa ya Ndera iko salama. Hata umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila wiki iliyokuwa lazima kwa wote, ilikuwa imekufa. Ukimwita mtu kwenye umuganda alikuuliza wewe ni wa chama gani.

Basi Jumapili baada ya Jumapili, kilima kikishateremka, Vestine alichukua panga na jembe, akaanzia nyuma ya shamba, ambako hakuonekani kutoka barabarani. Gahongayire aliketi mlangoni na rozari yake. Hakumwambia binti yake afanye, hakumwambia asifanye. Mara moja tu alisema, macho yamefumbwa, kwamba safu ya mbele inayoelekea barabarani ilikuwa inampa kivuli kizuri, na ingekuwa vyema kivuli hicho kibaki. Vestine akaelewa. Safu ya mbele ikabaki, imetandazwa nyasi kama kitanda cha mgeni. Nyuma yake mibuni ilikwenda bondeni, mingine ikawa kuni, na mvua za kwanza ziliponyesha maharage yakaota kwenye udongo uliopumzika miaka na miaka chini ya nyasi za serikali. Yaliota kama yalikuwa yanasubiri kuitwa.

Alhamisi moja Silvère akafika, baiskeli anaisukuma, amevaa kofia zote kasoro moja ambayo nadhani ilikuwa mfukoni. Alikuwa na furaha ya mtu mwenye habari kubwa. Mtaalamu wa benki ya ng'ambo, ile inayoikopesha serikali na kuiambia ifanye nini na faranga yake, anafika Jumamosi kuona kahawa ya mkulima mtiifu. Komini imechagua shamba la Gahongayire kwa sababu gari linafika mpaka mlangoni. Burugumesitiri mwenyewe, mkubwa wa komini, atamleta. Mama atayarishe pombe, Vestine afagie uwanja, na sasa hebu nipite nyuma nione mibuni inaendeleaje.

Alipita nyuma. Hakurudi upesi. Vestine alimkuta ameketi juu ya kisiki, baiskeli imelala, kofia ziko gotini, anayatazama maharage jinsi mtu anavyotazama nyumba yake ikiungua.

"Kahawa iko wapi?" akauliza.

"Ilikuwa hapa," Vestine akasema.

"Binti yangu, unajua mama yako atalala wapi?"

"Najua. Na wewe utalala chumba cha pili. Si unawaambia kila mwezi kwamba kahawa iko?"

Silvère akazigeuza kofia gotini. Alikuwa na mke na watoto na mkopo wa ile baiskeli, na hakuwa mtu mbaya, tatizo lake lilikuwa kupenda kofia. Alikaa pale mpaka jua likasogea. Mwishowe akasema kwamba kama kahawa iliweza kutoka, itaweza pia kurudi, hata kwa siku moja. Na kwa kuwa wao wawili hawawezi kuirudisha peke yao, ataitisha umuganda.

Vestine akamwambia hakuna atakayekuja. Silvère akamwomba amuulize mama yake ana mitungi mingapi ya urwagwa.

Wakaja wote. Ijumaa asubuhi kilima kilipanda kama siku za zamani, na tangu vyama viingie hakukuwa na umuganda uliohudhuriwa hivyo. Walikuja na kofia zao, wakatupiana maneno tangu getini. Wa chama cha zamani waliwauliza wenzao kama leo wamekumbuka kwamba nchi hujengwa kwa mikono. Wale wakajibu kwamba wamekuja kuwasaidia kuficha walichokiharibu miaka ishirini. Eustache fundi seremala, ambaye hakuwa na kofia ya mtu, alisema yeye ni wa chama cha mtungi, na akaanza kuchonga.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mibuni ya Jumapili za karibuni ilikuwa bado bondeni na majani yake mabichi. Ilipandishwa mabegani, ikachongwa ncha kama vigingi, ikashindiliwa ardhini. Halafu nyasi zikatandazwa chini, nene, zifunike pamoja mashina yasiyo na mizizi na maharage yasiyo na ruhusa. Kwa mara ya kwanza tangu kahawa iletwe Ndera, maharage yalilala chini ya nyasi na kahawa ikasimama kwa ajili ya kuyaficha.

Shida ni kwamba kila chama kilidai safu yake, na kila safu ilitaka kuwa ndefu kuliko ya jirani. Mibuni ikaisha kabla ya majivuno. Vestine aliwaona baadhi wakinyemelea upande wa ua wa Kankindi, na wakarudi na matawi ya mparachichi, wakayachomeka mwishoni mwa safu yao kwa heshima zote. Alitaka kusema kitu. Kisha akatazama, kwa mbali, majani yale ya kijani yanayong'aa, akaona kwamba burugumesitiri hatatofautisha, na kwamba mtu wa benki huenda hajawahi kuona mbuni nje ya karatasi. Hapo ndipo alipokosea.

Jumamosi gari likaja, refu, jeupe. Burugumesitiri akashuka na suti, Silvère akasimama wima bila kofia hata moja, tayari kufasiri Kifaransa. Mtaalamu akashuka upande wa pili. Hakuwa Mzungu. Alikuwa mzee mweusi mwenye mvi, miwani inaning'inia kifuani, viatu ambavyo viliwahi kukanyaga shamba. Alikwenda moja kwa moja kwa Gahongayire, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Gahongayire hakujua Kiswahili, ila aliijua adabu, akampa mikono yake yote miwili. Aliyejibu ni Vestine. "Anasema marahaba, mzee. Karibu kwetu."

Uso wa mzee ukafunguka. Akasema alizaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika kihamba cha kahawa, shamba la ukoo wao, amekula kahawa na amevaa kahawa, na amechoka kusemezwa Kifaransa tangu atue Kanombe. Akamshukuru Silvère kwa heshima, akamwambia apumzike, binti huyu atamtosha.

Silvère akapumzika kama mtu aliyepumzishwa kazi. Burugumesitiri naye, Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia mishikaki, akabaki kati yao akigeuza kichwa huku na huku. Vestine alijua neno moja ambalo lazima aliruke. Maharage kwa Kinyarwanda ni ibiharage, na hata mkubwa wa komini angelidaka maharage yakitajwa.

Mzee akaomba kikombe cha kahawa ya shamba hili. Lilikuwa ombi dogo, na likawafunga wote. Kilimani kote hakukuwa na kikombe kimoja. Gahongayire alipofasiriwa alicheka mpaka akashika ukuta, akaingia ndani, akatoka na urwagwa. Akaonja yeye kwanza, kama ilivyo desturi, mgeni aone kwamba hakuna sumu, ndipo akampa.

"Mwambie," burugumesitiri akamwagiza Vestine kwa Kinyarwanda, "wakulima wangu wanaipenda kahawa kama watoto wao."

Vestine akafasiri: "Anasema wanaipenda kama watoto wa jirani."

Mzee akaguna, akanywa, akauliza kama mkulima hapa huchagua mwenyewe cha kupanda. Burugumesitiri alipotaka kujua swali, Vestine akamwambia mgeni anasifu upepo wa Ndera. Burugumesitiri akasema upepo huo ni matunda ya amani na maendeleo, na Vestine akamwambia mzee kwamba jibu ni hapana.

Wakaingia shambani. Safu ya mbele ilikuwa salama, na mzee aliipita akigusa majani kwa nyuma ya kidole, kama anawasalimia wajukuu. Alipofika nyuma akasimama. Jua la siku moja lilikuwa limeifanya mibuni iliyochongwa ilegee, yote inatazama chini kama wanafunzi walioulizwa hesabu. Na nyasi zilikuwa zimeanza kuvimba. Maharage hayana subira. Hapa na pale shina jembamba jeupe lilikuwa limesukuma, limetoa jani, linachungulia.

Mzee alishika tawi la mwisho kwenye safu, alivute kidogo aone kama majani yana ugonjwa. Mti mzima ukaja mkononi mwake.

Nyuma ya ua Kankindi alikohoa. Mzee alivaa miwani yake, akaitazama ncha iliyochongwa vizuri na Eustache, akachuma jani, akalinusa.

"Kahawa ya aina hii," akamwuliza Vestine taratibu, "huzaa parachichi mwezi gani?"

"Inategemea, mzee. Ikiwa wakubwa wameamuru, inazaa mwezi wowote."

"Anasema nini?" burugumesitiri akauliza, jasho linamtoka.

"Anasema hajawahi kuona kahawa nyepesi hivi."

Mzee aliinama, mgongo wake ukimkinga burugumesitiri asione, akainua nyasi kwa ncha ya lile tawi, akayaona maharage, mengi, yamebanana kama watu wanaojificha chini ya kitanda. Akayafunika tena polepole. Alipoinuka hakuwa anacheka wala hakuwa amekasirika. Akauliza ni nani aliyefanya hivi. Vestine alimtazama mama yake, akamtazama Silvère aliyekuwa anasali bila kutoa sauti, akaona kwamba hakuna uongo uliobaki wa ukubwa unaotosha. Akasema ni yeye. Akasimulia yote kwa haraka, redio na sabuni na wake za wanajeshi, na kwamba kahawa ya mama yake ilikuwa inawalisha watu wote isipokuwa mama yake, na katika kusimulia huko alizunguka lile neno kama mtu anavyozunguka mbwa aliyelala.

Mzee alisikiliza, tawi bado mkononi. Akasema kwamba hata kwao, wakati wa utoto wake, kulikuwa na bwana shamba. Akaitazama saa yake, akaanza kurudi kwenye gari, na wote wakamfuata, burugumesitiri karibu kabisa, anatafuta usoni mwake aambiwe afurahi au akasirike. Ilionekana wazi kwamba angefanya lolote kati ya hayo mawili. Angewapa mkono, au angemtia mama wa watu kwenye mlango wa bati na, akiyagundua maharage, kuyang'oa yote kabla ya jioni. Alikuwa anasubiri kuelekezwa tu, na jioni haikuwa mbali.

Dereva akafungua mlango. Vestine akaona kwamba mlango ule ukifungwa, kitakachobaki kilimani ni burugumesitiri na mtungi mtupu.

"Mzee," akasema. "Huyu hatusikii sisi. Anakusikia wewe. Wewe iko na Kifaransa, na iko na benki. Mwambie neno moja kabla hujapanda. Mwambie maharage haya yaachwe mpaka yavunwe."

Alilisema lile neno wazi, kwa sauti, ili lisiweze kurudishwa.

"Ibiharage?" Burugumesitiri aligeuka. "Amesema ibiharage? Wapi?"

Silvère akatazama viatu vyake. Gahongayire akasogea, akasimama kando ya binti yake, rozari imezungushwa kiganjani. Juu yao ndege ilikuwa inashuka kuelekea Kanombe, chini sana, na kwa muda hakuna ambacho kingesikika hata kama kingesemwa. Mzee alikuwa amekwisha kuingiza mguu mmoja garini. Alimtazama burugumesitiri, akaitazama nyuma ya nyumba, ambako nyasi zilikuwa zinainuka zenyewe. Ndege ikapita. Akaketi, tawi la mparachichi likalala magotini pake, na dereva akafunga mlango.

Kioo kilikuwa wazi nusu.

"Mzee," Vestine akasema, mkono wake juu ya kile kioo. "Nimekuomba."